Reale, Rupia na Shilingi za Zamani: Namna ya Kujua Thamani ya Sarafu ya Fedha Uliyoachiwa

Katika nyumba nyingi za mwambao, sarafu za zamani hujitokeza wakati wa kugawana mirathi, zikiwa zimefungwa katika kipande cha kanga au zimetupwa ndani ya kopo pamoja na vifungo vya mashati na funguo za makufuli yaliyokwisha kupotea. Warithi huangukia moja kati ya makosa mawili. Wapo wanaozipeleka kwa sonara wa kwanza na kupokea bei yoyote atakayoitaja, na wapo waliosikia kwamba rupia ya Mjerumani huuzwa kwa mamilioni, wakaificha miaka na miaka wakimngojea mnunuzi asiyetokea. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuipima na kuisoma sarafu wewe mwenyewe kabla ya kumwonyesha mtu yeyote mwenye nia ya kuinunua. Vifaa vyake ni vichache: mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kioo cha kukuzia, sumaku, rula yenye milimita, kikombe cha maji na uzi mwembamba.

Kabla ya lolote, usiioshe

Nimewahi kuona reale iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu na mzee wetu mmoja aliyetaka wageni waione inavyong'aa. Iling'aa kweli, lakini mikwaruzo myembamba ilibaki juu ya uso wote, na hakuna ufundi wa kuiondoa. Weusi au rangi ya kijivujivu inayoifunika fedha iliyokaa miaka mingi ni ngozi ya sarafu yenyewe. Mkusanyaji huitazama ngozi hiyo kama ushahidi kwamba uso haujaguswa, na akiikuta imeondolewa hupunguza bei, mara nyingine kwa nusu au zaidi. Dawa ya meno, magadi, limau na kitambaa cha kung'arishia vyote ni adui. Ikiwa sarafu ina udongo, iloweke katika maji safi yasiyo na chumvi, kisha iache ikauke juu ya kitambaa laini bila kuisugua. Ishike kwa ukingo, usiishike usoni, kwa sababu jasho la kidole huacha alama.

Hatua ya kwanza: kuitambua

Anza na maandishi, kisha picha, kisha mwaka. Katika Afrika Mashariki sarafu za fedha zinazokutwa majumbani huwa za makundi machache, na ukilijua kundi umekwisha kufanya nusu ya kazi.

Sarafu kubwa, yenye sura ya mwanamke mnene aliyejifunika shela na maandishi yanayoanza M. THERESIA, ni reale ya Maria Theresa, ambayo wazee waliiita reale ya Sham ili kuitofautisha na reale ya mzinga, yaani ile ya Kihispania yenye nguzo mbili ambazo watu wa pwani waliziona kama mizinga. Mwaka ulioandikwa juu yake ni 1780, na hapa ndipo wengi hupotea. Maria Theresa alifariki mwaka huo, lakini sarafu yake ilikuwa imekwisha kuaminiwa sana Uarabuni, Uhabeshi na katika pwani yetu kiasi kwamba wafanyabiashara walikataa nyingine. Kwa hiyo viwanda viliendelea kuipiga kwa mwaka uleule wa 1780. Kazi hiyo ilifanyika Vienna, Venice, Milan na Prague, na katika karne ya 20 ikafanyika pia Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay. Vienna inaipiga hata leo. Mwaka ulio juu ya reale, basi, haukuambii umri wake. Reale nyingi zilizomo katika masanduku yetu ni za karne ya 19 au ya 20, na thamani yake haipandi sana juu ya ile ya fedha iliyomo. Zile zilizopigwa mapema zaidi hutambuliwa kwa vitu vidogo kama umbo la manyoya ya mkia wa tai, lulu za bizimu lililo begani na mpangilio wa herufi, na utambuzi huo ni kazi ya mtu aliyeshika mamia ya sarafu hizo.

Kundi la pili ni rupia, ambazo ni za aina nyingi kuliko watu wanavyodhani. Zilizo nyingi zaidi ni za India: za Victoria, zenye neno QUEEN hadi miaka ya 1870 na EMPRESS kuanzia 1877, kisha za Edward wa Saba na za George wa Tano. Rupia ya George wa Tano ya mwaka 1911 ina kisa chake. Tembo aliyechorwa katika joho la mfalme alionekana kama nguruwe, watu wakalalamika, na mchoro ukarekebishwa mwaka uliofuata. Kwa sababu hiyo ile ya 1911 hutafutwa na wakusanyaji kuliko zilizoifuata.

Rupia za Kijerumani zina sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai, pamoja na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Geuza upande wa pili. Ukiona DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT pamoja na nembo yenye simba, hiyo ni sarafu ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyopigwa kati ya 1890 na 1902, wakati rupia moja ilipokuwa pesa 64. Ukiona DEUTSCH OSTAFRIKA tu, ni sarafu ya serikali ya kikoloni, ya 1904 hadi 1914, wakati rupia ilipogawanywa kuwa hela 100. Hela zenyewe si za fedha: ndogo ni za shaba, na zile zenye tundu katikati ni za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Zitenge kando kabla hujaanza kupima.

Upande wa Mombasa kuna rupia ya Kampuni ya Kiingereza, yenye maandishi IMPERIAL BRITISH EAST AFRICA COMPANY, mwaka 1888 na herufi H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Unguja ina reale ya Sayyid Barghash, iliyoandikwa kwa Kiarabu peke yake, na mwaka wake ni ١٢٩٩ wa Hijria. Kubadili mwaka wa Hijria kwa makadirio, uzidishe kwa 0.97 kisha ongeza 622: 1299 huwa 1882. Reale hiyo ni adimu, na kwa sababu hiyohiyo imeigizwa. Ukiipata, usiifurahie kabla ya hatua ya pili. Kwa wasomaji wa Kongo, kuna faranga 5 za Leopold wa Pili, za miaka 1887 hadi 1896, na faranga 50 za mwaka 1944 zenye tembo.

Kundi la mwisho ndilo linalovunja moyo. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba mbele ya milima, iliyoanza mwaka 1921, inaonekana nyeupe na nzito, lakini fedha iliyomo ni robo tu, na zilizopigwa kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Florini ya 1920 iliyoitangulia ni nusu fedha, nayo haikudumu katika matumizi, kwa hiyo ina maslahi zaidi.

Hatua ya pili: mizani, sumaku na maji

Sasa weka sarafu kwenye mizani na ulinganishe na uzito uliowekwa na kiwanda. Reale ya Maria Theresa ina gramu 28.07. Rupia moja, iwe ya India, ya Mjerumani au ya Mombasa, ina gramu 11.66, kwa kuwa zote zilifuata kipimo cha rupia ya India ili zipokelewe sokoni bila ubishi. Nusu rupia ni gramu 5.83, robo ni 2.92, na sarafu moja ya rupia 2 ya Kampuni ya Kijerumani ni 23.32. Faranga 5 za Kongo ni gramu 25, na shilingi ya Afrika Mashariki ni gramu 7.78. Sarafu iliyotumika sana hupoteza uzito kidogo, kwa hiyo rupia yenye gramu 11.4 si jambo la kutisha ikiwa michoro yake imelainika. Yenye gramu 10.2 na michoro mikali ni ya kutilia shaka, na iliyozidi uzito wa kiwanda kwa nusu gramu ni ya kutilia shaka zaidi, kwa sababu sarafu haiongezeki uzito kwa kutumiwa.

Sumaku ikiivuta, si fedha. Kumbuka tu kwamba rupia ya India ya mwaka 1947, yenye chui milia, ni sarafu halali iliyotengenezwa kwa nikeli tupu, nayo huvutwa. Sumaku isipoivuta hujajua lolote bado, maana shaba, risasi na shaba nyeupe nazo hazivutwi.

Kipimo cha maji ndicho ninachokiamini kuliko vyote ambavyo mtu anaweza kufanya nyumbani. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani na uirudishe mizani kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi, uizamishe yote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, kisha usome namba inayotokea. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Gawanya uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo, na utapata uzito wake ukilinganishwa na wa maji. Fedha safi hutoa karibu 10.5, rupia yenye sehemu 917 za fedha kwa 1,000 hutoa kama 10.3, reale ya Maria Theresa, yenye sehemu 833, hutoa kama 10.2. Kwa maneno mengine, reale halisi ikizamishwa itaonyesha kama gramu 2.75, na rupia halisi kama gramu 1.13. Ikiwa reale yako inaonyesha gramu 3.1 hadi 3.3, una kipande cha shaba kilichopakwa fedha. Rudia kipimo mara tatu na uondoe viputo vya hewa vilivyonasa kwenye herufi, kwa sababu kiputo kimoja kinatosha kuharibu hesabu ya sarafu ndogo.

Malizia kwa macho. Sarafu halisi ilipigwa kwa nyundo ya mashine, kwa hiyo uso wake ni laini na herufi zake zina kingo kali. Bandia iliyomiminwa katika kalibu huwa na vishimo vidogo kama vya ngozi ya chungwa na mara nyingine mshono unaozunguka ukingo. Ukingo wa rupia una mistari iliyosimama, na ukingo wa reale ya Maria Theresa una maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA. Waghushi hutaabika sana na ukingo, na wanunuzi wachache hukumbuka kuutazama.

Hatua ya tatu: thamani ya fedha iliyomo

Hii ndiyo sakafu ya bei: sarafu halisi ya fedha haipaswi kuuzwa chini sana ya hapo. Zidisha uzito kwa kiwango cha fedha. Reale ya Maria Theresa ina gramu 23.39 za fedha safi, rupia ina 10.69, faranga 5 za Kongo zina 22.5, na shilingi ya kabla ya 1948 ina 1.94 tu.

Bei ya fedha katika soko la dunia hutajwa kwa wakia, na neno hili lina mtego. Wakia ya madini ni gramu 31.10. Wakia ya dukani ni gramu 28.35. Wakia ya zamani ya Unguja ilikuwa uzito wa reale moja, na ndiyo iliyo vichwani mwa wazee wengi. Ukigawanya bei ya soko kwa 28.35 badala ya 31.10, utajidanganya kwa karibu asilimia 10, kisha utamwona mnunuzi mwaminifu kuwa mwizi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba wakia ya madini ni dola 30. Gramu moja itakuwa senti 96 hivi, fedha ya reale itakuwa dola 22.5 hivi, ya rupia dola 10.3, na ya shilingi haitafika dola 2. Tumia bei ya siku unayouza, kwa maana fedha hupanda na kushuka sana. Sonara naye hatatoa bei yote ya soko, kwa kuwa ana gharama ya kuyeyusha na faida ya kutafuta. Muhimu ni kwamba ujue amekata kiasi gani.

Hatua ya nne: kile wakusanyaji wanacholipia

Juu ya sakafu hiyo kuna bei ya sarafu kama kitu cha kukusanywa, na bei hii haitegemei umri. Inategemea ni ngapi zilizobaki, ziko katika hali gani, na watu wangapi wanazitaka.

Tafuta kwanza mwaka na herufi ya kiwanda. Katika rupia za Kijerumani za kuanzia 1904, herufi A ni Berlin na J ni Hamburg, na mwaka uleule unaweza kuwa wa kawaida kwa herufi moja na mgumu kupatikana kwa nyingine. Sarafu ya rupia 2 ya Kampuni ya Kijerumani ilipigwa mwaka 1893 na 1894 tu, tena kwa idadi ndogo. Huyu ndiye mgeni wa heshima katika kopo lolote, na bei yake haina uhusiano na gramu zake. Linganisha na rupia ya Victoria, ambayo ina zaidi ya miaka 120 lakini ilipigwa kwa mamilioni mengi.

Kisha tazama hali. Wakusanyaji hutumia kipimo cha 1 hadi 70, lakini wewe unaweza kuanza na swali jepesi: sehemu zilizoinuka zaidi zimebaki? Katika rupia ya Kaizari tazama manyoya ya tai aliye juu ya kofia, na katika ya Victoria tazama nakshi za taji na za vazi. Zikiwa zimelainika hadi kuwa kivuli, sarafu ni ya kawaida. Zikionekana moja moja, umepanda daraja. Kama uso bado una mng'aro wa awali unaozunguka unapoigeuza chini ya taa, umeshika kitu ambacho ni wachache walio nacho, kwa sababu rupia zetu zilifanya kazi ngumu sokoni na bandarini.

Kasoro hushusha bei pasipo huruma. Reale nyingi za pwani zilitundikwa kitanzi ili zivaliwe shingoni, au zilitobolewa, na hata kitanzi kikiondolewa alama ya risasi ya kulehemu hubaki ukingoni. Reale ya namna hiyo hurudi kwenye bei ya fedha, isipokuwa kama ingali katika mkufu wake wa asili, ambapo mkufu mzima huweza kuwa na thamani kuliko sarafu zilizoutengeneza. Usiutenganishe.

Kuhusu sarafu zinazosemekana kuvuta mchele au kuzima tochi, nitasema mara moja tu. Hakuna orodha ya bei, mnada wala mkusanyaji anayelipia nguvu hizo, na anayekutaka utoe fedha za kipimo au za dawa ili auze rupia yako kwa mamilioni anaitafuta pesa yako, si rupia.

Hatua ya tano: kupata bei halisi na kuuza

Orodha ya Numista iliyoko katika intaneti inaweza kutumiwa bila malipo. Andika nchi, mwaka na thamani iliyotajwa juu ya sarafu, kisha ulinganishe picha. Humo utakuta pia namba zinazoanza na KM, ambazo wauzaji wa dunia nzima huzitumia kuitaja sarafu bila kukosea. Ukiwa na namba hiyo, tafuta sarafu zilizokwisha kuuzwa katika minada, zenye hali kama ya kwako. Bei inayoombwa haina maana yoyote, kwa kuwa mtu anaweza kuomba apendacho. Iliyolipwa ndiyo habari. Chukua mauzo matano au sita, acha la juu kabisa na la chini kabisa, na katikati yake utaiona bei. Kampuni za Marekani za kupima na kufunga sarafu, kama PCGS na NGC, hutoza ada ambayo pamoja na usafirishaji inaweza kuipita thamani ya rupia ya kawaida, kwa hiyo fikiria njia hiyo kwa rupia 2 au kwa reale ya Barghash tu.

Sheria nayo inahusika. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na nchini Kenya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inavigusa vitu vilivyotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya 1895. Kabla ya kutuma sarafu ya namna hiyo nje, uliza makumbusho kuhusu kibali. Na ikiwa sarafu imetoka ardhini, hasa vipande vidogo vyembamba vyenye maandishi ya Kiarabu bila picha, simamisha jembe na utoe taarifa. Huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za namna hiyo, na sehemu kubwa ya faida yake kwa historia imetokana na kupimwa zikiwa mahali zilipolala.

Ukiamua kuuza hapa nyumbani, nenda kwa wanunuzi wawili au watatu, uwe na karatasi yenye uzito, kiwango cha fedha na hesabu yako, na sarafu ipimwe mbele yako. Zile ambazo huuzi zifunge moja moja katika karatasi kavu isiyo na asidi, mbali na plastiki laini ambayo hutoa unyevu wa kijani. Na kama ni mali ya warithi kadhaa, msizigawe kwa idadi wala kwa uzito kabla kila sarafu haijapitia hatua zote tano, kwa sababu rupia 2 ya 1894 na rupia mbili zilizochakaa za Victoria zina uzito unaokaribiana katika mizani, na atakayepewa zile za Victoria atakuja kujua.